Tofali Jekundu la Mtongwe

Wako watu wengi wa Likoni na Mtongwe ambao leo wanakula mkate wao Jeddah, Doha, Maskati au London, lakini nyumba zao zinapanda huku nyumbani. Mtu wa namna hiyo hujenga kwa simu. Hupeleka fedha, hupokea picha. Hupeleka tena, hupokea nyingine. Na baina ya fedha na picha yupo jamaa yake, aghalabu mjomba au kaka mkubwa, ambaye hana mshahara katika kazi hiyo wala hakusomea ujenzi, lakini ndiye abebaye lawama zote. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, fedha zilizoletwa na Wakenya walio nchi za nje katika mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 4.9 za Marekani. Atembeaye pwani ya kusini huziona baadhi ya fedha hizo kwa macho: ni kuta zisizo na paa, zimesimama zikingoja mwezi ujao.

Habari hii ni ya dereva mmoja mzaliwa wa Mtongwe, afanyaye kazi Jeddah. Katika chumba alicholala alikuwa na mwenzake mtu wa Iringa, na huyo alizoea kumwonyesha picha ya nyumba ya baba yake iliyojengwa kwa matofali mekundu ya kuchoma, yaliyofinyangwa kwa mikono na kupangwa vizuri bila kupakwa chochote. Moyo wa dereva ukapenda. Akampigia simu mjomba wake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za huko?”

“Njema. Mjomba, nyumba yangu nataka iwe ya matofali mekundu ya kuchoma.”

“Mwanangu, hapa hujengwa kwa mawe. Babu yako alijenga kwa fito na udongo, baba yako akajenga kwa mawe. Tofali la kuchoma mimi sijui habari zake.”

“Basi langu litakuwa la kwanza.”

Mzee hakubisha tena, maana fedha si zake.

Maneno ya mjomba hayakuwa ya mtu aogopaye mambo mapya tu. Pwani hii imesimama juu ya tumbawe, na watu wake wamejenga kwa tumbawe karne nyingi. Ngome ya Mombasa iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 ni mawe hayo. Misikiti mikongwe na nyumba za Lamu ni mawe hayo. Mafundi wa zamani walitumia namna mbili. Kwa kuta walichimba jiwe gumu la nchi kavu, wakalifunga kwa chokaa. Na kwa mapambo, vizingiti na zidaka, walitoa tumbawe bichi baharini, ambalo huchongeka kwa urahisi likiwa na maji na kuwa gumu likikauka. La ajabu ni kwamba dereva yule, kila alipopita mji wa kale wa Jeddah uitwao Al-Balad, alipita kando ya nyumba zilizojengwa kwa mawe ya namna hiyohiyo, ambazo dunia nzima imeziheshimu. Zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014. Alitamani tofali la Iringa huku akitembea kati ya kuta zilizofanana na za kwao.

Mjomba alimpata mfinyanzi wa matofali, mtu wa bara aliyekuja pwani kutafuta kazi. Yafaa isemwe mapema kwamba mtu huyu hakuwa mwizi. Alijua kazi yake kama alivyofundishwa kwao. Aliutafuta udongo wenye kunata, akaupata bondeni karibu na hori, mahali ambapo zamani paliota mikoko. Akaukanda kwa miguu, akaujaza katika kalibu ya mbao, akayaanika matofali kivulini siku nyingi, kisha akayapanga kuwa tanuri, akaacha mianya ya kutilia kuni, akalikandika tanuri kwa nje, akachoma mchana na usiku. Yalipofunguliwa yalikuwa mekundu kama embe bivu. Ukigonga mawili yalilia kama kengele. Mjomba akapiga picha, mpwa akafurahi, akampelekea mfinyanzi fedha ya matofali 5,000, na wakati wa kaskazi kuta zikafika juu ya madirisha.

Mwezi wa Nne mvua ya masika ikaanza. Wiki haikupita ila uso wa ukuta ulikuwa kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kila tofali lilikuwa na kijishimo, na chini ya kila kijishimo palikuwa na chembe nyeupe. Vipande vyekundu vya ukubwa wa sarafu vilianguka chini vikalala mstari mmoja kando ya msingi. Mjomba akapiga picha ya hayo pia, kwa kuwa ni mtu mwaminifu.

Mpwa alitazama picha ile usiku, baada ya kazi ya saa kumi na mbili. Hakumtukana mjomba wake; malezi yake hayakumruhusu. Alisema maneno haya tu: “Mjomba, zile fedha zilikuwa za matofali mazuri.” Mzee akaelewa kilichokusudiwa. Akajibu, “Nimesikia,” akakata simu. Siku nane zikapita hawakusemezana.

Hapa ndipo lilipo jambo zito katika kujenga ukiwa mbali. Mtu aliye mbali akiona ubaya, hufikiri wizi kwanza, kwa sababu wizi ndio akili yake iwezao kuuona kutoka huko. Hawezi kuuona udongo. Tena hana njia ya kumwuliza mkubwa wake kama amekula fedha bila kuvunja kitu ambacho saruji haiwezi kukifunga tena. Lakini aweza, bila kumvunjia mtu heshima, kumwomba atie tofali katika maji. Kama dereva angaliomba hivyo mwezi wa Kwanza, kabla ya fedha kutoka, chembe zile nyeupe zingalionekana katika tofali moja.

Aliyezifahamu alikuwa mwashi mmoja mzee wa Likoni, aliyeitwa kutazama. Alichukua tofali lisilojengewa, akalivunja kwa nyundo, akaokota chembe nyeupe, akaiweka kiganjani na kuitemea mate. Punde ikapata joto, ikapasuka, ikawa unga. “Hii chokaa,” akasema. “Mtu wenu amechoma chokaa ndani ya tofali.”

Kila mchoma chokaa wa pwani ajua kazi hiyo. Hupanga matumbawe juu ya magogo, huyachoma, kisha hayo yaliyoiva yakipata maji hufura, hutoa joto na kuvunjika yakawa chokaa ya kujengea. Udongo wa kando ya hori umejaa vipande vya tumbawe, makombe, na maganda ya chaza, vingi vikiwa vidogo kuliko punje ya mtama. Vyote hivyo asili yake ni moja na jiwe la chokaa. Moto wa tanuri ukipata nguvu ya kuivisha tofali, pia huivisha chembe hizo. Nazo hukaa kimya ndani ya tofali hadi maji yazifikie. Zikipata maji hufura, na tofali likiwa gumu halina pa kuziachia nafasi ila kubanduka uso. Mfinyanzi hakujua, maana katika udongo wa kwao hakuna makombe. Wala mlio wa kengele haukumsaidia mtu, maana mlio huonyesha kwamba tofali limeiva na halina ufa. Hauonyeshi kilicholala ndani yake.

Basi mtu atakaye tofali la kuchoma katika nchi ya tumbawe asikubali picha wala mlio. Tofali livunjwe kwanza. Ndani rangi iwe moja. Likiwa na moyo mweusi, moto haukulipita sawasawa. Likiwa na chembe nyeupe, ni hatari. Kisha kipande chake kichemshwe katika sufuria kwa saa chache na kuachwa siku mbili au tatu. Tofali lenye chokaa litajitangaza lenyewe. Lingine zima lipimwe kavu kwa mizani ya dukani, lilale majini usiku na mchana, lipimwe tena. Likiwa kavu lilikuwa kilo 3, lisizidi kilo 3 na gramu 600 likitoka majini. Likizidi hapo linakunywa maji mno. Jingine likwaruzwe kwa msumari: likiacha mfereji mkubwa na unga mwingi, halikuiva. Mambo haya yote yahitaji sufuria, ndoo na mizani, wala hakuna mjomba asiyeweza kuyafanya mbele ya mfinyanzi na mbele ya simu iliyowashwa.

Dawa zipo, lakini ni za mapema. Udongo waweza kukaushwa, kupondwa na kupitishwa katika chekeche yenye matundu madogo, hata chembe zibaki kama unga, nazo zikiwa hivyo hazidhuru. Au matofali yakitoka tanurini na kupoa huzamishwa majini mara moja, chokaa ikalainika kuwa uji kabla ya kufura kwa nguvu. Lakini kuna adui wa pili asiyechekechwa, naye ni chumvi. Udongo wa hori huwa na chumvi, na visima vingi karibu na bahari maji yake ni ya chumvi. Ukuta wenye chumvi hutoa unga mweupe wakati wa jua. Unga huo hauna shimo chini yake, na kwa hiyo hutambulikana na chokaa. Lakini hurudi kila mwaka, husukuma rangi na plasta, na kama ndani ya nguzo kuna vyuma, chumvi huvila. Kwa sababu hiyo mchanga wa ufuoni, ingawa ni karibu na bure, usitiwe katika saruji. Na kuni za tanuri ni jambo jingine. Tanuri la matofali elfu tano hula miti mingi, na kando ya Mtongwe mti ulio karibu ni mkoko, ambao kuukata ni kuliharibu zalio la samaki.

Watu wengine, wakisikia haya, huuliza kama kuna tofali la mkono lifaalo pwani bila moto. Lipo. Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono yenye mpini mrefu. Mashine ya namna hii ilibuniwa Bogotá, katika nchi ya Kolombia, katika miaka ya 1950, na baadaye ikaenea nchi nyingi za joto, Kenya ikiwamo. Udongo wa pwani, ambao mfinyanzi huuchukia kwa mchanga wake, ndio upendwao na mashine hii, mradi uchimbwe mbali na hori na chini ya ule udongo mweusi wenye mizizi. Ili kuujua, jaza chupa nusu kwa udongo, tia maji, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga utalala chini, na udongo laini juu yake. Mchanga ukizidi nusu, na udongo wa kunata ukiwapo kidogo wa kuushika, inafaa. Unyevu nao hupimwa kwa mkono: finyanga donge, liangushe kutoka usawa wa bega, likivunjika vipande vinne au vitano ni sawa, likitawanyika ni kavu, likibaki zima lina maji mno.

Katika tofali hili mtu aliye mbali ana silaha nzuri kuliko picha, nayo ni hesabu ya mifuko. Tuseme tofali moja kavu lina uzito wa kilo 9, na makubaliano ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu 16 za udongo, kwa uzito. Maana yake, katika kilo 17 za mchanganyiko kilo moja ni saruji, na tofali la kilo 9 lina zaidi kidogo ya nusu kilo. Mfuko wa kilo 50 basi hutoa matofali 94 hivi. Akitokea mtu anayesema mfuko wake umetoa 150, kila tofali limepata theluthi moja tu ya kilo, yaani sehemu moja katika 27, na ukuta huo utalika kwa mvua. Kwa hiyo iombwe picha ya mifuko mitupu pamoja na idadi ya matofali, na tarehe iandikwe kwa msumari juu ya tofali la kwanza la kila siku lingali bichi. Mjomba hatachukia kuhesabu mifuko. Kinyume chake, hesabu hiyo humlinda.

Tarehe ina kazi nyingine. Tofali la saruji, likiwa la udongo au la mchanga, halikaushwi bali hukomazwa. Jua la pwani huliondolea maji kabla saruji haijafanya kazi yake, na mwenye haraka huliona gumu kwa nje akadhani limekwisha. Lifunikwe kwa magunia au karatasi ya nailoni, linyunyiziwe maji yasiyo ya chumvi kwa siku zisizopungua saba, wala lisijengewe kabla ya siku 28. Tofali nyingi mbaya za saruji hazikupunjwa saruji. Zilipunjwa maji na siku.

Ama jiwe la kuchonga, ambalo mjomba alilitaja tangu siku ya kwanza, nalo lina ujanja wake. Latoka katika matimbo, yaani machimbo ya mawe, na lile la Waa na Tiwi hufika Mtongwe kwa barabara bila kungoja feri ya Likoni, ilhali la upande wa Kilifi ni lazima livuke, au lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Kila likipakiwa na kupakuliwa baadhi huvunjika, basi mapatano yawe kwa mawe mazima yaliyofika kiwanjani. Jiwe jipya la timbo lina maji ndani; liachwe likauke, litazidi ugumu. Liligongwalo likatoa sauti ya kufa, au lenye mifuko ya udongo ndani, au liachalo unga mweupe mkononi kama chaki, lirudishwe garini. Tena litazamwe umbo lake. Siku hizi mengi hukatwa kwa msumeno wa mashine, na yachongwayo kwa shoka yamekuwa rahisi kwa bei. Lakini jiwe lililopinda hula saruji, maana kila pengo hujazwa, na huenda faida ya bei ikazikwa katika mapengo hayo. Na akumbuke mtu kwamba saruji yenyewe, kama ni ya Bamburi, ambako kiwanda kilianza kuitoa mwaka 1954, asili yake ni tumbawe hilohilo lililochimbwa na kuchomwa.

Kuhusu vipimo, mtu aliyeko Uingereza hushangaa akisikia mafundi wa Mombasa wakisema tisa kwa tisa na sita kwa tisa. Inchi 9 ndiyo nafasi ya tofali la Kiingereza kwa urefu, pamoja na udongo wake wa kuungia. Kipimo kilikuja na Waingereza, tofali lao likabaki kwao. Aandikapo fedha zake na aulize ni ukuta wa inchi ngapi, na kwa chumba gani, maana ukuta wa sita na wa tisa hutofautiana sana kwa gharama, na katika picha havionekani tofauti.

Wakati wa kuagiza ni kaskazi, baina ya mwezi wa Kwanza na wa Tatu. Mwenye kuanza kufyatua mwezi wa Nne atapigana na mvua hadi nusu ya mwaka, na mvua ndiyo itakayoshinda. Na kabla ya tofali la kwanza, hati ya kiwanja itazamwe katika ofisi ya ardhi na idhini ya kujenga itolewe na Kaunti; hayo ni makala ya siku nyingine, lakini ni ya kwanza kwa mpango.

Dereva wa Jeddah alipigiwa simu na yule mwashi mzee, si na mjomba. Alielezwa habari ya chembe, akaonyeshwa chembe ikipasuka kiganjani. Akanyamaza kitambo. Jioni ile akampigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba. Matofali yale ni mimi niliyeyataka.”

“Marahaba,” akasema mzee. Kisha akauliza bei ya mabati huko Jeddah, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, wala mpwa hakujali, akamjibu kwa urefu.

Mwashi alishauri kuta zisivunjwe. Matofali bado yalikuwa na nguvu ya kubeba. Ni uso wake uliokuwa ukibanduka, na chokaa ikikwisha kufura haifuri mara ya pili. Akasema ukuta uachwe wazi unyeshewe masika yote na uendelee hadi mwisho wa kusi, ndipo upigwe brashi ya waya, vishimo vizibwe, na plasta ipakwe. Akipaka sasa, chokaa itaisukuma plasta pia. Matofali 1,800 yaliyobaki yakazamishwa katika shimo la maji wiki nzima, yakatandikwa njia kutoka mlangoni hadi kisimani. Vyumba viwili vya nyuma vitajengwa kwa mawe ya Waa.

Mjomba amejitwalia kazi mpya. Kila Ijumaa baada ya swala huzunguka ukuta na chaki, huweka alama kila kishimo kilichozaliwa wiki ile, kisha hupeleka Jeddah hesabu yake, bila maneno mengi. Mwanzoni mwa mwezi wa Sita aliandika arobaini na moja. Baadaye kumi na tatu. Ijumaa iliyopita aliandika: “Viwili, na kimoja ni cha mbuzi.”